Rika na Pumzi ya Watu

Mbalizi ni mji wa njia kuu iendayo Tunduma kutoka Mbeya, nao umejaa wapita njia waliogeuka wakaazi. Juu ya Wasafwa wenyeji wamo Wamalila, Wandali, na Wanyakyusa waliotoka Rungwe. Siku hizi jamaa waliotawanyika hivyo hukutana katika makundi ya simu: la ukoo, la msiba, la waliosoma pamoja. Asiyechanga husemwa, akizidi, huondolewa. Wadhanio kwamba tabia hiyo imeletwa na mtandao hawajaitazama Rungwe ya zamani.

Huko, mvulana wa miaka 10 au 11 aliacha kuchunga ng'ombe wa baba yake, akashika jembe, wala hakulala tena nyumbani. Yeye na wenzake walijijengea vibanda pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa, waliwaleta wake zao papo hapo, na hivyo baba na mke wa mwanawe hawakukutana ovyo. Mara moja katika kila kizazi wazee waliwakabidhi vijana utawala wa nchi. Godfrey Wilson na mkewe Monica walichunguza hayo katika miaka ya 1930. Kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka 1951. Jina lake lafasiri ukwangala, yaani raha ya kula, kunywa na kuzungumza na wa rika lako.

Raha hiyo haikuwa ya bure. Aliyemtukana mzazi, au aliyewanyima majirani nyama, alinung'unikiwa. Na ilisadikiwa kwamba manung'uniko hayo, pumzi ya watu, humshukia kama baridi, akaugua. Dawa ilikuwa karamu: ng'ombe achinjwe, majirani wale, nao waikiri hasira yao waziwazi. Lakini nguvu iyo hiyo, ikitumiwa kwa husuda, iliitwa uchawi, na mshtakiwa mara nyingi alihama. Nani aliamua kwamba hii ni haki na ile ni husuda? Majirani wale wale, ambao ndio waliokuwa wakinung'unika.

Vijiji vya rika vilififia polepole. Watu waliongezeka, kahawa ikaipa ardhi thamani, wana wakang'ang'ania mashamba ya baba zao. Wengine walifuata dhahabu ya Lupa na shaba ya ng'ambo ya mpaka.

Katika kundi la simu mtu huondolewa kwa kidole kimoja. Kumrudisha kwahitaji mtu wa kwenda kubisha hodi mlangoni kwake, naye huenda yuko Dar es Salaam, au Lusaka.