Nani kaizuia kompyuta isikimbie?

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Majuzi jamaa yangu mmoja kaniletea laptop yake ya mtumba, yenye Linux, analalamika inatambaa kama kinyonga. Prosesa ya gigahezi 2 na ushee imeganda kwenye megahezi 800! Fundi keshamwambia prosesa imekufa, atafute mashine nyingine. Nikamwambia ngoja kwanza, ugonjwa huu una historia ndefu...

Zamani prosesa ilikuwa na mwendo mmoja tu, iwe inapiga hesabu nzito au inakusubiri ubonyeze kitufe. Laptop zilipoenea, betri ikawa kilio. Umeme unaoliwa na prosesa unafuata kasi ya mapigo yake, na unafuata pia mraba wa volteji. Ndiyo maana faida kubwa inapatikana pale unapoteremsha vyote viwili kwa pamoja.

Mwaka 2000 kila kampuni ikaja na dawa yake. Intel walitoa SpeedStep kwenye Pentium III za laptop, AMD wakatoa PowerNow!, na Transmeta, kampuni ya California ambako Linus Torvalds mwenyewe alikuwa ameajiriwa, wakaleta prosesa ya Crusoe na LongRun yake. Dawa nyingi, kila moja na lugha yake.

Desemba 2003 ilipotoka Linux 2.6, ndani yake kulikuwa na cpufreq, mpango mmoja wa kuzungumza na prosesa hizo zote. Uzuri wake ni kwamba uligawa kazi: draiva inajua namna ya kubadili kasi, na "gavana" anaamua lini ibadilishwe. (Naam, gavana. Huyu walau hana msafara.) Gavana performance alibana kasi juu, powersave akaibana chini. Mwaka 2004 akaongezeka ondemand, anayepima kazi iliyopo kisha anapandisha au kushusha mwenyewe.

Ila mezani kulikuwa na mtu wa tatu: Bios. Jedwali la kasi na volteji zinazoruhusiwa lilitoka kwake, na draiva acpi_cpufreq ililitegemea. Ukiwa umezima SpeedStep kwenye Bios, au jedwali likiwa bovu, draiva ilikataa kupanda na kukujibu kwamba hakuna kifaa kama hicho. Watu wakalaani prosesa nzima isiyo na kosa! Wengine wakakimbilia draiva ya p4-clockmod, wakaona namba zinashuka, wakashangilia. Kumbe ile inarusha mapigo tu, volteji haiigusi. Ufundi wenyewe ulikusudiwa kupoza prosesa iliyochemka, na betri ilikuwa inaisha vilevile.

Bios ina uwezo pia wa kuweka ukomo wa kasi, na Linux hutii. Baadhi ya laptop hufanya hivyo zisipoitambua chaja. Nikafungua faili la bios_limit la jamaa yangu: 800000, yaani megahezi 800 kamili. Chaja yake ni ile ya kuokoteza mtaani. Tukaazima chaja halisi, kasi ikapanda hapo hapo.

Mwaka 2013 Linux 3.9 ikaleta intel_pstate, draiva ya prosesa mpya za Intel, na kizaazaa kikaanza upya. Ondemand hayumo kwenye orodha! Wamebaki performance na powersave tu, watu wakadhani mfumo umeharibika. Kumbe powersave wa humo si yule wa zamani wa kubana chini. Anapanda na kushuka kadiri ya kazi. Na maelekezo ya miaka ya 2000 bado yanazunguka, yanakuamuru upakie acpi_cpufreq kwa nguvu. Haipandi, kwa sababu kiti kina mwenyewe. Jina la aliyekikalia limeandikwa kwenye faili la scaling_driver, na kulisoma ni kazi ya sekunde moja.