Ngoma ya Gogo na Mchezo wa Simu

Katika nchi ya Shinyalu, kando ya msitu wa Kakamega, fahali hapelekwi kimyakimya uwanjani siku ya kupiganishwa. Husindikizwa na umati wa watu, na katikati ya umati huvuma Isukuti, ngoma ya Waisukha na ndugu zao Waidakho. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kadiri na ndogo; huchongwa katika gogo la mti na kuwambwa ngozi ya kenge. Huandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza na wengine humwitikia. Isukuti huchezwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, harusini na hata matangani. Basi mchezo huu si kelele ya furaha tu, bali ni darasa ambalo watu walijifunzia habari zao kabla ya kuja kwa kitabu.

Darasa hilo limo hatarini. Mwezi wa Novemba, 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, liitwalo UNESCO, liliandika Isukuti katika orodha ya urithi unaotaka kulindwa kwa haraka. Sababu zilielezwa waziwazi. Wengi katika wajuzi wake ni wazee wasio na warithi; fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba; na watazamaji wamegeukia burudani za kisasa.

Katika burudani hizo za kisasa umo mchezo wa simu na wa kompyuta. Si ajabu mzee akimwona kijana ameinamia simu, akauhesabu mchezo ule kuwa adui wa ngoma. Lakini tukiichungua historia twaona jambo ambalo wengi hawalidhanii: mchezo wa simu nao hufa, na huenda ukafa upesi kuliko ngoma.

Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule wa 2014, watu walichimba jaa la taka katika mji wa Alamogordo, Marekani. Walikuwa wakitafuta michezo ambayo kampuni ya Atari iliifukia mwaka 1983 baada ya kukosa wanunuzi. Waliipata, na mmoja wake umewekwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Kilichokuwa takataka mwaka 1983 kilikuwa kumbukumbu baada ya miaka 31. Hapana aliyeifukia aliyejua kwamba alikuwa akifukia historia.

Kenya nayo ina historia yake katika kazi hii. Mwaka 2007 kijana Mkenya, Wesley Kirinya, alitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi, ambamo msichana Nyangi hutafuta vitu vya kale vya Afrika. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts, inayotunga michezo kutokana na visa vya Kiafrika. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 ukatoka Ma3Racer, mchezo wa simu wa kuendesha matatu. Mwaka 2015 ukatoka Nairobi X, ambao Andrew Kaggia na wenzake walionyesha ndani yake jiji la Nairobi likivamiwa na wageni kutoka anga za mbali. Michezo hii ni ushahidi. Mjukuu wetu atakayetaka kujua vijana wa wakati huu waliionaje barabara yao, walicheka nini na waliogopa nini, ataweza kusoma mengi humo.

Ataweza, lakini ikiwa tu mchezo utakuwapo na utachezeka. Hapa ndipo gogo linapoishinda simu. Ngozi ya ngoma ikipasuka, fundi huwamba nyingine. Mchezo wa kompyuta huandikwa kwa mashine ya namna fulani. Mashine hiyo ikitoweka, mchezo huwa kama kufuli lisilo na ufunguo. Duka la Nokia, ambalo watu walichukulia michezo ya simu zao, lilifungwa mwaka 2015, na mchezo ulioandikwa kwa simu za zamani hauendi katika simu za leo. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya kompyuta huoza isiponakiliwa mara kwa mara kutoka chombo kikuukuu hadi chombo kipya.

Hata hivyo dawa ipo. Mwaka 1962, wanafunzi na wenzao katika chuo cha MIT, Marekani, walitunga mchezo wa vita vya angani, Spacewar, katika kompyuta iliyoitwa PDP-1. Makumbusho ya kompyuta huko California yaliifufua kompyuta ya namna hiyo, na mchezo ukachezwa tena humo. Mfano huu watufundisha kuhifadhi mambo matatu pamoja. La kwanza ni mchezo wenyewe na maandishi ya programu yake. La pili ni mashine yake, au programu mpya iwezayo kuiga kazi ya mashine ile. La tatu ni maarifa ya watu: masimulizi ya mtungaji, michoro yake ya kwanza, na picha za wachezaji wakicheza. Bila hili la tatu, mchezo ni sawa na ngoma iliyoangikwa ukutani, ambayo hapana ajuaye mdundo wake.

Yupo atakayesema kwamba michezo ni upuuzi wa watoto, haistahili fedha ya umma. Na ajibiwe kwa mfano. Mwaka 2020 UNESCO iliandika katika urithi wa wanadamu michezo ya Kazakistan, Kirgizistan na Uturuki iliyo ya ukoo mmoja na bao letu, inayochezwa kwa kete na vishimo. Zaidi ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na yaitaka serikali kuukuza kwa njia za sanaa, sayansi, habari na maktaba. Mchezo uliotungwa na Mkenya ni sanaa na sayansi kwa pamoja.

Enyi wanafunzi, usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo tulivyousiwa. Wala usiutupe msala mpya, kwa maana nao utakuwa mbacha wa wajukuu wako. Nenda kwa mzee ajuaye Isukuti ukajifunze mdundo wake angali hai. Na ukijaliwa kutunga mchezo wa simu, weka nakala yake pamoja na maelezo katika maktaba, usiiachie kampuni peke yake. Isukuti imetufikia kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyekubali kufundishwa. Mchezo wa simu nao utafika mbele kwa sharti hilo hilo.