Lambo Lisilo na Daftari

Ndugu zetu wa nyumbani, nanyi mliotawanyika mijini kama sisi,

Tuliokulia Singida tulijua hesabu ya maji kabla ya hesabu za darasani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei tunakula akiba. Singidani na Kindai tunayaona kila siku, lakini maji yake ni ya chumvi, hivyo wazee walifukua mchanga wa mito mikavu.

Serikali ya kikoloni ilijenga mabwawa katika Jimbo la Kati, ambalo Singida ilikuwa ndani yake hadi ilipokuwa mkoa mwaka 1963. Yanayojulikana zaidi yako kwa majirani zetu wa Dodoma: Hombolo na Ikowa, yote ya miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, akiwemo Anders Rapp, walipima Ikowa, Matumbulu na Msalatu. Walikuta tope linakula nafasi ya maji mwaka hadi mwaka. Juu maji yanang'aa vilevile, chini sakafu inapanda. Sisi wahasibu tunaifahamu hali hiyo: salio la kwenye karatasi ni kubwa, fedha benki hakuna.

Mwaka 1971 Serikali iliahidi maji karibu na kila mwananchi ifikapo 1991. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, nyingi zikanyamaza.

Waliozoea kupima ni wa umeme. Bwawa la Mtera, ambalo hupokea pia maji ya mto Kizigo kutoka pori la Manyoni kwetu, lilikamilika mwaka 1980. Likijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likifika 690, mitambo husimama. Wakati wa mgawo wa miaka ya 1990 hata watoto walizijua namba hizo kupitia redio. Tulikaa gizani, ndiyo, lakini tulijua kwa nini.

Lambo letu hatulijui hivyo. Miaka iliyopita tulichanga, tukalifukua, tukapiga picha. Mti wa kupimia uliosimikwa siku ile uling'oka, na hakuna aliyeandika hata namba moja. Tukipigiwa simu Septemba kwamba "maji yamekwisha", hatuwezi kusema kama yalinywewa na ng'ombe, yalivuja ukutani, au yalikwenda na jua. Na jua letu si la mchezo: huweza kunyonya karibu mita 2 kwa mwaka, wakati mvua haifiki hata mita 1. Isitoshe, lambo lina umbo la sahani. Mita ya juu hubeba maji mengi kuliko mita ya chini, kwa hiyo nusu ya kina si nusu ya maji. Hapo ndipo kamati nyingi hudanganyika, yetu ikiwemo.

Mchango wa mwaka huu, kabla ya kufukua tena, utalipia kupima sakafu kwa mtumbwi na kamba, nguzo ya zege yenye alama za sentimita, na posho ndogo ya kijana atakayesoma kila Jumatatu asubuhi. Nakala moja ya daftari itabaki shuleni, nyingine itapelekwa Bodi ya Maji Bonde la Kati, pale Singida mjini. Ya tatu tutaisoma mbele yenu kwenye mkutano wa Desemba, pamoja na hesabu za fedha.