Saa za Ziada na Kodi ya Mapato ya Ajira katika Migodi ya Shinyanga na Geita

Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania haitofautishi shilingi iliyopatikana katika saa za kawaida na ile iliyopatikana katika saa za ziada. Msimamo huo una historia, na athari zake huonekana wazi katika ukanda wa migodi wa Shinyanga na Geita, ambako kazi huendeshwa kwa zamu usiku na mchana.

Katika kipindi cha ukoloni, kodi iliyomgusa Mwafrika wa Usukuma ilikuwa ya kibanda na ya kichwa. Kwa kawaida haikupimwa kwa mshahara wala kwa saa alizofanya kazi. Ilidaiwa kwa fedha taslimu, na hivyo ilichangia kuwasukuma wanaume kutafuta ajira, ikiwemo katika mgodi wa dhahabu wa Geita wa miaka ya 1930 na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa mwaka 1940. Kodi ya mapato iliyoingizwa Tanganyika mwaka huohuo wa 1940 ililenga wenye kipato kikubwa. Kwa mfanyakazi wa mgodini, saa ya ziada ilikuwa njia ya kutimiza kodi. Yenyewe haikuwa kitu cha kutozwa.

Uhusiano huo uligeuka kadiri kodi ya mapato ilivyowafikia wafanyakazi wa kawaida. Kodi ya maendeleo, mrithi wa kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata zilitungwa sheria mbili zinazoamua thamani ya saa ya ziada hadi leo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilijumuisha mishahara, posho, bonasi na malipo mengine ya ajira katika fungu moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 50 za ziada katika mzunguko wa wiki nne, na kuagiza kwamba saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Sheria moja iliitambua saa hiyo kuwa nzito zaidi. Nyingine iliihesabu kama saa yoyote. Kufikia wakati huo migodi mikubwa ya Geita (2000) na Bulyanhulu (2001) ilikuwa imekwisha kuanza uzalishaji. Buzwagi ilifuata mwaka 2009.

Athari yake hudhihirika katika hesabu. Chukuliwa mfanyakazi wa kukadiria mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 975,000 kwa mwezi, bila kuhesabu michango ya hifadhi ya jamii. Saa yake moja ina thamani ya takribani shilingi 5,000; saa 20 za ziada humpa shilingi 150,000. Kwa viwango vya sasa kodi yake hupanda kutoka shilingi 121,750 hadi 165,500. Nyongeza hiyo ya 43,750 ni takribani asilimia 29 ya malipo ya ziada, ilhali kodi ya mshahara wake wa msingi ni chini ya asilimia 13.

Nafuu zilizotolewa hazikulenga mahali hapo. Kiwango cha chini kilishushwa kutoka asilimia 11 hadi 9 mwaka 2016, kisha hadi 8 mwaka 2021. Punguzo la mwaka 2021 liligusa kipande cha shilingi 250,000 tu, hivyo halikuweza kumwachia mfanyakazi yeyote zaidi ya shilingi 2,500 kwa mwezi.

Je, msamaha wa kodi kwa saa za ziada ungefaa? Sheria iliyosainiwa Marekani tarehe 4 Julai 2025 inaruhusu, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, kupunguza katika mapato yanayotozwa kodi hadi dola 25,000 za bakshishi na hadi dola 12,500 za nyongeza ya saa za ziada. Yaani ile nusu ya juu, si malipo yote. Kwa kanuni hiyo, shilingi 50,000 za mfanyakazi wa mfano zingesamehewa, naye angebakiwa na shilingi 15,000 zaidi.

Hata hivyo, sheria ya ajira ya Tanzania inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, zamu ya hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, mradi siku za kazi zisizidi tano kwa wiki. Chini ya mpango huo, saa ya kumi hadi ya kumi na mbili huwa saa za kawaida, na msamaha usingeifikia. Vivyo hivyo, mhudumu wa nyumba ya wageni mjini Kahama ambaye mapato yake hayazidi shilingi 270,000 kwa mwezi hatozwi kodi hiyo kabisa. Msamaha wa bakshishi usingemwongezea chochote. Mchimbaji mdogo anayelipwa kwa mgawo wa mawe hana saa ya ziada ya kuonyesha.

Kwa hiyo, swali la kodi haliwezi kutenganishwa na swali la nani ana mamlaka ya kuiita saa kuwa ya ziada. Katika migodi ya Shinyanga na Geita, jibu hutolewa kwanza katika mkataba na ratiba ya zamu, kabla orodha ya mishahara haijamfikia mtoza kodi. Nafuu inayopuuza hatua hiyo ya kwanza ingemnufaisha zaidi yule ambaye saa zake tayari zimetambuliwa, na kumwacha nje anayefanya kazi ndefu kwa jina la kawaida.