Barua Ndogo, Mwezi Mrefu

Neno "kibarua" ni barua ndogo, na hapa sichezi na maneno. Karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, na ni hicho alichorudisha ili alipwe. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, na sehemu ya malipo, mara nyingi nusu, ilienda kwa bwana. Pole pole jina la karatasi likahamia kwa kazi, kisha kwa mtu mwenyewe. Siku hizi tukisema kibarua cha fulani kimeota nyasi, hakuna anayekumbuka karatasi.

"Mshahara" nao umetoka Uarabuni, kwa neno la mwezi. Kwa hivyo kuna anayelipwa kwa karatasi na kuna anayelipwa kwa mwezi. Ukifuata historia ya siku ya malipo hapa Kenya, utaona ugomvi mkubwa si pesa ngapi tu. Ni nani anayehesabu siku.

Mashamba ya walowezi yalikuwa na jibu lao: tiketi. Ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na kila jioni nyapara alitia alama. Ukiugua, hakuna alama. Ukienda kumzika mtu, hakuna alama. Mlowezi akisema kazi ya leo hukuimaliza, pia hakuna. Malipo yalikuja kadi ikijaa, si mwezi ukiisha, kwa hivyo "mwezi" wa shambani ungeweza kufika wiki sita. Sisi tunalia na Njaanuari, na hiyo huwa na siku 31 tu!

Na kuondoka kwa hasira haikuwezekana. Kuanzia 1919 na 1920 wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu walilazimishwa kubeba kipande, karatasi ndani ya mkebe wa chuma ulioning'inia shingoni. Humo kuliandikwa bosi ni nani, ulianza lini, unalipwa ngapi, uliachishwa lini. Bila sahihi ya bosi wa zamani huajiriwi kwingine, na kutoroka kazi lilikuwa kosa la jinai. Deni la mshahara, kwa upande wa pili, lilikuwa shida yako.

Mwaka wa 1921 walowezi wakaamua kukata mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku aliyesimama kupinga alikuwa mtu wa simu serikalini, yaani yeye mwenyewe alikuwa wa mwezi, si wa tiketi. Hilo hunivutia kuliko hotuba zake. Alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye umati uliokuja kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi ukapigwa risasi. Serikali ilikubali vifo 21.

Lakini si kila mtu aliutamani mwezi. Bandarini Mombasa vibarua wengi waliipenda pesa ya jioni: leo unabeba, kesho unapumzika, na hakuna anayekushika mpaka tarehe 30. Baada ya mgomo wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947, ni serikali iliyoanza kutaka watu wa kudumu, wanaojulikana majina, na miaka ya 1950 vibarua wa bandari wakaanza kupunguzwa. Chuo niliacha, kwa hivyo sina profesa wa kunikanya nikisema hivi: mwenye kulipwa leo ni mgumu kumtisha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua alipwe siku hiyo ikiisha na wa mwezi alipwe mwezi ukiisha. Inakataza hata kulipa watu mahali panapouzwa pombe, isipokuwa wanaofanya kazi hapo hapo. Wa kuandika kama mimi hatuko kwa mojawapo. Sisi tunatuma ankara, nayo hulipwa "ndani ya siku 30". Moja niliituma tarehe 3. Nilipopiga simu mwezi uliofuata, nikaambiwa siku huanza kuhesabiwa mhasibu akishaifungua, na mhasibu yuko likizo.