Mhunzi, Mfinyanzi na Mwindaji: Maneno ya Kiingereza ya Kujifanya, Kuzua na Kuhadaa

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili huyapita kwa haraka, akidhani ameyaelewa, ni yale ambayo Waingereza huyatumia kutaja kujifanya, kuzua, kughushi na kuhadaa. Na sababu ya haraka hiyo ni kwamba kudanganya ni neno lililo karibu na ulimi, nalo huonekana kutosha popote. Makala haya yanadai kuwa halitoshi. Mengi ya maneno hayo, yaliyotoka katika Kilatini na kupita Ufaransa, yalizaliwa katika kazi halali za mikono, kwa mhunzi, kwa mfinyanzi na kwa mwindaji, kabla ya matumizi kuyatia waa. Na asiyeijua safari hiyo hawezi kupima kila neno limebeba lawama kiasi gani, wala kulichagulia mwenziwe katika lugha yetu.

Tuanze na mhunzi. Kilatini kilimwita fundi wa vitu vigumu «faber», na mahali pake pa kazi «fabrica». Neno hili la pili liliingia Kiingereza kwa milango miwili: kwa mlango wa Kifaransa cha kale, likiwa limekwisha kusagwa na ndimi za watu, likawa «forge», yaani kiwanda cha mhunzi na kazi ya kufua chuma, na kwa mlango wa wanazuoni, likiwa karibu na umbo lake la asili, likawa «fabricate», yaani kuunda. Ndugu hawa wa tumbo moja waliangukia shutuma ya namna moja, lakini kila mmoja alishika fungu lake: wa kwanza akawa kughushi hati au sahihi, kazi ya mtu atakaye kazi yake iaminiwe kuwa ni ya mwingine, wa pili akawa kuzua habari au ushahidi wa jambo ambalo halikuwako.

Uzito wa neno la kwanza haukuwa wa kamusi tu. Katika karne ya 18 sheria ya Uingereza iliweza kumhukumu mghushi kifo, na mwaka 1777 kasisi William Dodd alinyongwa London kwa kughushi dhamana ya pauni 4,200 kwa jina la Lord Chesterfield, ijapokuwa Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya mwaka 1755, alitumia kalamu yake kumwombea rehema. Miaka saba kabla yake, mwaka 1770, alifariki Thomas Chatterton wa Bristol, kijana wa miaka 17 aliyetunga mashairi na kuyanasibisha na mtawa wa karne ya 15 aitwaye Rowley, mtawa ambaye hakupata kuishi. Naye pia aliitwa mghushi. Lakini John Keats, mwaka 1818, alilitabarukia jina lake utenzi mzima. Neno ni lile lile, ila mmoja alighushi ili apate fedha, na mwingine, chini ya jina la uongo, alikuwa akibuni sanaa ya kweli.

Mfinyanzi naye ana sehemu yake. Kitenzi cha Kilatini «fingere» kilikuwa na maana ya kufinyanga udongo, na humo ndimo lilimotoka «feign», kujitia hali ambayo mtu hana, na humo pia lilimotoka «fiction», jina la fasihi ya kubuni. Hali kadhalika «counterfeit», ambalo leo ni la noti na dawa bandia, katika zama za Shakespeare liliweza kutaja picha ya mtu, wala mchoraji hakuona haya kuitiwa kazi yake kwa jina hilo.

Kisha kuna «pretend», ambalo asili yake ni kutandaza kitu mbele, kama mtu atandazavyo pazia au atoleavyo hoja. James Francis Edward Stuart, aliyezaliwa mwaka 1688 na kukidai kiti cha ufalme wa Uingereza, na mwanawe Charles ambaye jeshi lake lilishindwa Culloden mwaka 1746, waliitwa kwa Kiingereza «Pretender». Mfasiri akiandika kuwa walijifanya wafalme atakuwa amekwisha kuwahukumu, ilhali maana ya kwanza ya neno ni mdai, mwenye kudai kiti. Wasomaji wetu wa Kongo, wajuao Kifaransa, hawatashangaa, kwa kuwa «prétendre» kwao ni kudai hata leo. Ama «deceive», hilo ni la mwindaji, maana shina lake ni kukamata, kunasa.

Yamkini mtu atapinga, aseme kuwa Mwingereza wa leo hamkumbuki mhunzi wala mfinyanzi anaponena. Ni kweli, lakini sarufi yake inakumbuka. Ugonjwa hutumiwa «feign», hautumiwi «forge». Ushahidi hutumiwa «fabricate». Vitenzi hivi hutaja kitu kilichoundwa, na «deceive» peke yake humtaja aliyenaswa. Kiswahili kina mipaka hiyo hiyo, tena iliyo wazi: twaghushi hati, twazua habari, twajitia ugonjwa, na twamhadaa mtu. Kubuni kwetu kwabeba sifa katika riwaya na lawama katika mashtaka ya kubuni. Bandia lilikuwa jina la mwanasesere wa mtoto kabla ya kuwa sifa ya bidhaa mbovu. Na usanii, ambao ni heshima ya mwenye kipaji, umekuwa katika vinywa vya watu jina la ulaghai. Hata unafiki, ambao wanalugha wa Kiarabu huuhusisha na shimo la panya wa jangwani lenye mlango wa siri wa kutorokea, wafaa kutofautishwa na «hypocrite», ambalo kwa Wayunani lilikuwa jina la mwigizaji jukwaani: mmoja aficha njia yake, mwingine avaa sura isiyo yake.

Kwa hiyo kosa halimo katika kuunda, wala lugha hizi mbili hazikupata kulishutumu tendo la mkono, zimeishutumu nia. Mfasiri na mwalimu, kila wakutanapo na neno la aina hii, na waulize mambo matatu kabla ya kuandika: ni kitu gani kilichoundwa, ni nani aliyekusudiwa kukiamini, na aliyekiunda alitaka nini. Wakijibu hayo, neno la Kiswahili litakuja lenyewe, nalo si lazima liwe kudanganya.