Nyuzi za mimea katika kunasa mafuta majini

Mafuta yakimwagika majini, nyuzi za mimea zinaweza kuyanasa bila kemikali. Inayoongoza ni sufi, pamba ya msufi (Ceiba pentandra), ileile inayojazwa kwenye mito na magodoro ya pwani, na ambayo hadi Vita Kuu ya Pili ilijaza majaketi ya kuokolea mabaharia. Kila uzi wa sufi ni mrija mwembamba: nje una nta, ndani hewa tupu. Maji huteleza juu ya nta. Mafuta huingia na kuifukuza hewa. Katika maabara, gramu 1 ya sufi hunasa gramu 30 za mafuta na zaidi.

Uzi mzuri, basi, ni ule unaoyakataa maji. Makapi ya miwa na makumbi ya nazi hunywa maji na mafuta pia, na yakilowa sana huzama pamoja na mafuta yake. Yanaweza kutibiwa kwa anhidridi ya asetiki ili yasipende maji, lakini hapo urahisi wa bei unapungua.

Jaribio kubwa la watu wa kawaida lilifanyika Morisi. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Kijapani MV Wakashio ilikwama kwenye miamba ya Pointe d'Esny, na kuanzia tarehe 6 Agosti ikavuja takriban tani 1,000 za mafuta mazito. Serikali iliwataka raia waiachie mamlaka kazi hiyo. Wakazi wa Mahébourg hawakungoja: walishindilia majani makavu ya miwa ndani ya vitambaa na magunia, wakayafungia chupa tupu za plastiki ili yaelee, wakayatandaza baharini kama vizuizi. Hata nywele zilinyolewa na kuchangwa. Thamani ya vizuizi hivyo, kusema haki, ilikuwa kuwahi kufika.

Mafuta mazito kama hayo hupenya mrija wa sufi kwa shida. Mazutu (dizeli) hupenya upesi. Kwa hiyo hata bara, mahali kama Pinga, mashariki mwa Kongo, mpakani mwa maeneo ya Masisi na Walikale, ambako hakuna meli za mafuta, mto mdogo uliojazwa sufi waweza kufaa kwenye mfereji wa gereji au chini ya pampu inayovuja.

Sufi iliyoshiba hukamuliwa na kutumiwa tena mara kadhaa. Ikichakaa huchomwa katika tanuri lenye joto kali, kama la saruji. Ikifukiwa ovyo, mvua huyarudisha mafuta mtoni.